Kaskazi, Kusi na Ndege Wanaoshuka Mlima

Sisi tuliokulia pwani ya Tanga tunauhesabu mwaka kwa pepo na mvua. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, na ndani yake mna joto kali la kiangazi. Masika huingia pepo zinapogeuka. Kusi hushika kuanzia Aprili na kutuletea baridi ya kipupwe mwezi Juni na Julai. Kisha upepo hulegea wakati wa demani, na vuli hufika Oktoba au Novemba. Hii ni kalenda ya wavuvi na manahodha, lakini kwa miaka ambayo nimekuwa nikiwaangalia ndege, kutoka Moa hadi Pangani na kutoka Muheza hadi Amani, nimeona kwamba hakuna kalenda nyingine inayowaeleza vizuri kuliko hii.

Safari za ndege wetu ni za aina mbili. Ya kwanza ndiyo inayozungumzwa sana: ni safari ndefu ya kuvuka bahari na majangwa, inayowaleta kwetu ndege wa Siberia, wa Ghuba na wa Madagaska. Ya pili ni fupi, pengine haizidi mwendo wa siku moja kwa mtu anayetembea kwa miguu, nayo ni safari ya kushuka na kupanda milima ya Usambara Mashariki kila mwaka. Hii ya pili haitajwi sana, hata na watu wanaoishi chini ya mlima huo, na ndiyo tunayoiharibu kwa haraka zaidi.

Nianze na ufuko. Maji yakipwa wakati wa bamvua katika ghuba za Tanga, tofauti kati ya maji makuu na maji ya chini hukaribia mita 4, na bahari hurudi nyuma sana na kuacha matope na mchanga uliojaa kaa wadogo, nyungunyungu wa baharini na chaza. Kuanzia Agosti, kaskazi ikiwa bado mbali, vitwitwi, wale ndege wa ufukweni wanaotafuta chakula kwenye tope, wa aina nyingi huanza kuonekana hapo, na kufikia Novemba wamekwisha kuenea kote. Wengine wana mdomo mfupi na huokota vilivyo juu ya tope tu, wengine mdomo wao ni mrefu na hudunga hadi chini, na mmoja ana mdomo uliopinda kwenda juu, ambaye hukimbia ovyo huku na huku kana kwamba amepotewa na kitu. Tofauti hiyo ya midomo ndiyo inayowawezesha kula pamoja mahali pamoja bila kunyang'anyana.

Sululu ndiye ninayependa kumtazama kuliko wengine wa kundi hili. Husimama karibu na shimo la kaa kwa subira, kisha huingiza mdomo wake mrefu uliopinda kwenda chini, humvuta kaa nje, na kumtikisa kwa nguvu mpaka miguu na gando vikatike. Wakati mwingine humpeleka kwenye kidimbwi na kumsuuza tope kabla ya kummeza. Kazi yote huchukua muda mfupi sana, na kama hukuwa na darubini unaweza kudhani ameokota tu na kumeza.

Maji yanapojaa, matope hufunikwa na ndege wote hulazimika kutafuta pa kungojea. Hapo ndipo mashamba ya chumvi, kama yale ya Kibo kaskazini mwa Tanga, yanapokuwa na thamani ambayo wenye mashamba pengine hawakuikusudia. Makundi makubwa hukusanyika kwenye kingo na katika mabwawa yenye maji ya kina kifupi, yote yakielekea upande unakotoka upepo, mpaka bahari irudi tena. Mikoko nayo huwapokea baadhi yao, hasa sululu, ambao hulala juu ya matawi. Mkoko ukikatwa, au bwawa la chumvi likifukiwa ili kujengwa nyumba, ndege hawapotezi mahali pa kula, ila wanapoteza mahali pa kusubiri. Na ndege asiyepata pa kusubiri huteketeza kwa kuruka yale mafuta aliyoyakusanya kwa ajili ya safari.

Kati ya wageni hawa yupo mmoja asiyetoka Siberia wala Ulaya. Membe, ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene mweusi ulioumbwa kwa ajili ya kaa, huzaliana katika visiwa na fukwe za Oman, Ghuba ya Uajemi, Bahari ya Shamu na Somalia, kisha huteremka hadi kwetu pwani hii, kwa njia ileile ambayo majahazi ya kaskazi yaliipita kwa karne nyingi. Tofauti na ndege wengine wa ufukweni, membe huchimba shimo kwenye mchanga na kutaga ndani yake yai moja jeupe, ambalo joto la mchanga husaidia kuliatamia. Kinda hulelewa kwa muda mrefu mno. Hata baada ya kufika kwetu, ukisikiliza vizuri utawasikia membe wachanga wenye rangi ya kijivujivu wakilia kwa sauti ya kuomba, wakimfuata mzazi wao kwenye fungu la mchanga, na mzazi akiwapa kaa. Kulishwa mtoto mwenye uwezo wa kuruka, maelfu ya kilomita kutoka shimo alimozaliwa, ni jambo ambalo sijalizoea hata leo.

Bara nako hakukosi wageni. Mbayuwayu wa Ulaya hujaa juu ya mashamba ya mkonge. Mwishoni mwa Novemba na mwezi Desemba hupita kozi wadogo wanaozaliana kaskazini-mashariki mwa Asia, kwenye bonde la mto Amur na maeneo ya jirani, ambao hupita India na kuivuka Bahari ya Hindi, kisha hufuata mawingu ya mvua ili kula kumbikumbi wanaotoka baada ya radi. Mwaka 2009 mtafiti Charles Anderson, aliyeishi Maldivi, alipendekeza kwamba kereng'ende nao huivuka bahari hiyo kwa mamilioni wakati huohuo na kwa pepo hizohizo, na kwamba ndege wanaovuka nao huenda huwala njiani. Mtaalamu wa ndege Reginald Moreau, ambaye nitamrudia, alikisia kwamba ndege bilioni 5 huingia Afrika kila mwaka kutoka Ulaya na Asia. Utafiti uliotolewa mwaka 2009 uliishusha hesabu hiyo hadi karibu bilioni 2.1 kwa ndege wa nchi kavu, idadi ambayo bado ni kubwa kuliko akili inavyoweza kuipiga picha.

Machi inapokwisha, vitwitwi wa ufukweni hubadilika. Wale waliokuwa wa kijivu na weupe msimu mzima huanza kupata mabaka ya rangi ya tofali kifuani, na katikati ya Aprili baadhi yao huwa wamekwisha kuwa wekundu kabisa, wanene kwa mafuta, wakila hata chini ya mvua. Wakati huohuo kambu wa Ulaya, wenye rangi ya buluu inayong'aa mabawani, hupita kwa wingi katika ukanda wa pwani wakielekea kaskazini, na ukisafiri kwa gari kati ya Segera na Tanga siku hizo unaweza kuwaona juu ya nyaya za umeme nguzo baada ya nguzo. Kisha siku chache tu zinapita na wote hawapo.

Wengi hudhani kwamba baada ya hapo pwani inabaki tupu. Hapana. Kusi nayo ina wageni wake, ingawa si wengi. Kutoka Madagaska huja keremkerem wa kisiwa hicho, pamoja na ndege mdogo wa kahawia mwenye mabawa marefu, Glareola ocularis, anayewakamata wadudu angani na ambaye hukusanyika kwa maelfu kwenye mlango wa mto Sabaki karibu na Malindi. Kutoka misitu na vichaka vya kusini, hadi Zimbabwe, huja pita wa Afrika, ambaye amevaa kijani mgongoni, buluu mabawani na wekundu chini ya tumbo, lakini huonekana kwa nadra sana kwa sababu hutembea chini ya kichaka na kugeuza majani makavu. Husafiri usiku, na taa za majumba humchanganya. Pita kadhaa wamewahi kuokotwa Afrika Mashariki wakiwa wamegonga madirisha. Kama unaishi karibu na msitu wa pwani, kuzima taa za nje usiku wa ukungu mwezi Aprili na Mei ni msaada wa kweli kwake.

Masika yenyewe ni msimu wa ndege wenyeji. Tipitipi hulia kutoka vichakani kwa ile sauti yake ya maji yanayomiminwa kutoka chupani, na wakulima wa Muheza huitegea sikio kabla ya kupanda. Kweche dume, ambaye miezi mingine hawezi kutofautishwa na shomoro, huvaa nyekundu na nyeusi na kujitangaza juu ya nyasi za mabondeni. Kwera husuka viota juu ya maji. Yote haya huonekana na mtu yeyote aliye na macho, kwa hiyo sitayakawilia.

Nataka kukaa zaidi na kipupwe. Usambara Mashariki huanza kuinuka kilomita 40 hivi kutoka baharini. Barabara inayotoka Muheza hupita kwenye mashamba ya machungwa, ikaingia katika mitiki ya Longuza, ikafika Kisiwani na Sigi, kisha hupanda kwa kona nyingi hadi Amani, mita 900 hivi juu ya usawa wa bahari. Wajerumani walianzisha hapo kituo cha utafiti wa kilimo na viumbe mwaka 1902, na mwaka 1997 msitu unaokizunguka ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Moreau alifika kituoni hapo mwaka 1928 akakaa hadi 1946, na kazi yake kubwa ya ndege aliifanya pamoja na Salimu Asmani, mwenyeji aliyekusanya na kuchunguza ndege kwa ustadi ambao Moreau mwenyewe aliutegemea. Jina la Moreau limo katika jina la kisayansi la kidenenda mwenye mdomo mrefu wa Amani, Artisornis moreaui, aliyeelezwa mwaka 1931. Naona ni haki jina la Salimu Asmani litajwe kila linapotajwa lile la Moreau.

Mwezi Juni ukungu hushika Amani asubuhi hadi adhuhuri, majani hayakauki, na wadudu hupungua. Hapo ndipo baadhi ya ndege wa msituni huanza kuteremka. Si wote, na si kwa makundi yanayoonekana angani. Hushuka mmoja mmoja chini ya kivuli cha miti, kwa hiyo mtu anaweza kuishi maisha yake yote Kisiwani asijue kwamba ndege aliyemwona Julai hakuwapo Januari. Neil Burgess na mwanasayansi wetu Charles Mlingwa walikusanya kumbukumbu za misitu ya milima na ya chini katika Afrika Mashariki, na mwaka 2000 walitoa ushahidi kwamba ndege kadhaa wa milimani hutumia msimu wa baridi katika misitu ya chini, wengine hadi karibu na pwani.

Ninayemtafuta kwanza kila kipupwe huko Sigi, ambako ni karibu nusu ya kimo cha Amani, ni ndege mdogo ambaye Kilatini humwita Pogonocichla stellata. Kichwa chake ni cha kijivu cha buluu, kifua na tumbo ni njano iliyokoza, na mbele ya kila jicho kuna alama ndogo nyeupe, na nyingine kooni, ambayo huonekana pale tu ndege anaponyanyua kichwa. Hukaa kimya juu ya kitawi cha chini, huangalia ardhi, hushuka, huokota, na kurudi kwenye kitawi kingine. Wachanga hawana njano hiyo. Wana madoadoa ya kahawia, na wengi wa wale wanaoonekana chini ya mlima ni hao.

Siafu wakipita, msitu wa chini huonyesha zaidi ya unavyoonyesha kwa wiki nzima. Wadudu na buibui huwakimbia siafu, na ndege huja kuwadaka wanaokimbia. Ukisimama pembeni, miguu ikiwa nje ya msafara, utamwona ndege wa mgongo wa kahawia nyekundu na kifua cheupe pepe, Chamaetylas fuelleborni, akirukaruka mbele ya mstari wa siafu, na pamoja naye wengine ambao miezi mingine ungelazimika kupanda hadi Amani kuwaona. Njia moja tu ya siafu inaweza kuwaweka pamoja ndege wa mlimani na wa pwani ambao kwa kawaida vitabu huwaweka katika kurasa mbalimbali.

Kidenenda mwenye mdomo mrefu hashuki. Yeye hubaki juu mwaka mzima, katika mizabibu ya porini na mitambaazi inayojaa pale mti mkubwa unapoanguka na mwanga kuingia, na nje ya Usambara Mashariki anajulikana mahali pamoja tu duniani, nao ni uwanda wa Njesi kaskazini mwa Msumbiji. Kwa ndege wa namna hii kulinda msitu wa juu kunatosha. Lakini kwa wale wanaoshuka, mlima uliolindwa ni nusu tu ya makazi yao.

Kipupwe kikilegea, hondohondo huanza kazi ya kuzaa, na hapa mlima na bonde huonekana wazi kuwa kitu kimoja. Hondohondo mkubwa wa Amani, mwenye pembe ya rangi ya maziwa juu ya mdomo wa dume, huruka kati ya misitu ya juu na ya chini akifuata matunda yanavyoiva, na kelele za mabawa yake husikika kabla hajaonekana. Jike huingia katika tundu la mti mkubwa. Dume humeza udongo, huufinyanga kooni kuwa vidonge, na kumletea jike vidonge hivyo ili azibe mlango kutoka ndani, akibakiza ufa mwembamba wa kupitishia chakula. Jike hukaa humo takriban miezi 4, akiatamia na kulea, na muda wote huo chakula chake na cha kinda ni kile anacholetwa na dume. Moreau na mkewe Winifred walilifuatilia jambo hili Amani kwa uvumilivu mkubwa, na waliyoyaandika bado yanarejelewa na kila anayewachunguza hondohondo.

Kuna upande mwingine wa habari hii ambao hunipa huzuni. Mti unaoitwa musizi nchini Uganda, Maesopsis eminii, uliletwa Amani kwa kupandwa, ukapandwa tena kwa wingi pale magogo ya asili yalipovunwa. Hondohondo hupenda matunda yake. Huyala, huruka, na kuzidondosha mbegu mahali popote palipo na uwazi, na kwa njia hiyo ndege yuleyule aliyeipanda misitu ya Usambara tangu zamani ndiye sasa anayeusambaza mti mgeni unaochukua nafasi ya miti ya asili. Mti huo hukua haraka, na mtu mgeni akiona msitu wa kijani atafurahi, lakini matundu makubwa ya kutagia hupatikana katika miti mikongwe, ile iliyokwisha kuwa michache.

Sasa nirudi kwenye misitu ya chini, kwa kuwa ndiyo sababu ya kuandika haya yote. Amani ina hadhi ya hifadhi, msitu wa Nilo nao una hadhi hiyo tangu mwaka 2007, na ushoroba wa Derema, ambamo iliki ililimwa chini ya miti mikubwa, ulitengwa ili kuunganisha misitu ya juu, na wakulima walilipwa fidia ya mazao yao. Haya ni mambo makubwa, na wanavijiji walioacha mashamba yao walitoa zaidi ya mtu mwingine yeyote. Hata hivyo, hatua hizo kwa sehemu kubwa zinauangalia mlima. Chini, misitu kama Segoma na Kwamgumi imebaki vipande, na katikati ya kipande na kipande kuna mitiki, machungwa, mahindi na tanuri za mkaa. Katika misitu hiyohiyo ya chini ndimo alimokutwa bundi mdogo wa Sokoke, ambaye sayansi ilimfahamu mwaka 1966 kutoka Arabuko-Sokoke nchini Kenya na ambaye dunia nzima haina makazi yake mengine ya kujulikana zaidi ya msitu huo na maeneo machache ya jirani nao, pamoja na hii miguu ya Usambara. Msitu wa chini ukiisha, bundi huyo hana pa kwenda, na ndege wa kipupwe watashuka kutoka Amani wakute mtiki, ambao chini yake mna majani makavu mapana na wadudu wachache.

Wapo wanaosema kwamba watu wa Muheza na Mkinga wana shida zao na hawawezi kuambiwa habari za ndege. Mimi sikubaliani na kauli hiyo, kwa kuwa nimekaa na wakulima wengi wanaowajua ndege hawa kwa sauti kuliko mimi, na kwa kuwa maji ya mto Zigi yanayonywewa Tanga mjini hutoka kwenye misitu hiyohiyo. Kinachokosekana ni kumbukumbu. Vitwitwi wa mashamba ya chumvi huhesabiwa mara kwa mara na wataalamu, lakini wanaoshuka mlima karibu hawahesabiwi.

Kwa hiyo ninawaomba wasomaji walioko Kisiwani, Sigi, Bombani, Maramba na vijiji vyote vya chini ya mlima, hasa walimu na vijana wanaopita msituni kila siku: kuanzia mwisho wa Mei, mkimwona ndege mwenye kifua cha njano na alama nyeupe mbele ya jicho, au yule wa kifua cheupe anayefuata siafu, andikeni tarehe, jina la mahali, kama hapo ni msituni au shambani, na kama palikuwa na ukungu mlimani asubuhi hiyo. Andikeni pia siku mliyomtafuta mkamkosa, kwa sababu siku hiyo nayo ni habari. Simu yenye kamera inatosha. Hata sauti iliyorekodiwa inatosha. Nitumieni, nami nitazipanga kwa kimo na kwa mwezi na kuwarudishia wote, ili tuweze kumwonyesha mwenye mamlaka ya kupima mipaka ni vipande vipi vya msitu wa chini ambavyo ndege wa Amani bado wanavitumia.